Seli Haizimi Moto Wote

Ndagala wanaoanikwa ufukweni, kuanzia Kajaga hadi Rumonge, wametoka kwenye utando mwembamba wa maji. Ziwa Tanganyika lina mita 1,470 pale penye kina kirefu kuliko pote, lakini upande wetu wa kaskazini oksijeni haishuki sana chini ya mita 100. Kuanzia hapo hadi kwenye tope la mwisho hakuna pumzi. Kuna giza, kuna salfidi ya hidrojeni yenye harufu ya yai viza, na kuna bakteria wasiowahi kuihitaji hewa tunayovuta sisi. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba baadhi yao huko chini huiunguza amonia bila oksijeni hata kidogo, jambo ambalo lilikuwa halijaonyeshwa bado katika ziwa lolote la maji baridi. Mji wa Bujumbura umekaa kando ya dunia mbili zilizolazwa moja juu ya nyingine, na wavuvi wenye taa zao usiku wanaijua ile ya juu tu.

Kwa sehemu kubwa ya historia ya dunia, viumbe vyote viliishi kama wale wa chini. Oksijeni ilianza kujaa hewani yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita, ikitolewa na vijidudu vilivyojua kupasua maji kwa mwanga wa jua, na ilikuja na tabia moja: hunyang'anya elektroni. Kinachonyang'anywa elektroni, wanakemia husema kimeoksidishwa. Na kwa kuwa elektroni haipotei bali hubadili mwenyewe tu, kila aliyenyang'anywa ana mwenzake aliyepokea. Ndiyo maana wataalamu huyataja mambo hayo mawili kwa pamoja na kuyaita redoksi. Bati linaloshika kutu limeoksidishwa. Mawese yanayochacha yameoksidishwa. Ugali unaogeuka kuwa nguvu ya kupandia mlima wa Kiriri nao umeoksidishwa, ila kwa hatua ndogondogo zisizomuunguza mlaji.

Wengi wetu tulipewa nusu ya habari hii. Tuliambiwa kwamba katika kuitumia oksijeni mwili huzalisha masalia makali, kama peroksidi ya hidrojeni, yanayotafuna mafuta, protini na DNA. Kwamba uzee na magonjwa ni kazi ya masalia hayo. Na kwamba dawa ni kuyazima. Helmut Sies, mwanabiokemia wa Ujerumani aliyelipa jambo hili jina la msongo wa oksidisho mwaka 1985, alikuwa anaeleza mizani iliyoelemea upande mmoja. Waliomfuata sokoni waliisahau mizani, wakabaki na adui. Leo ukipita katikati ya mji utakutana na kijana mwenye mkoba wa chupa zilizopambwa kwa picha za matunda: "Mama, hii inatoa sumu zote mwilini. Inasafisha mpaka seli." Bei yake inaweza kulisha nyumba kwa siku kadhaa. Sina ugomvi na kijana, anatafuta riziki. Nina ugomvi na nusu ya habari aliyopewa auze.

Nusu ya pili inaonekana vizuri zaidi kwa wakimbiaji, na hapo Bujumbura haina mpinzani. Jumamosi na Jumapili alfajiri mji huu hukimbia. Si mtu mmoja mmoja mwenye vitu masikioni, bali makundi yaliyovaa fulana za rangi moja, yenye mwimbishaji mbele na waitikiaji nyuma, hatua zikipiga lami kwa pamoja mpaka aliye kitandani anajua kundi limefika kona gani. Mkusanyiko wa namna hii una uzito wake: Machi 2014, baada ya makabiliano kati ya polisi na wafuasi wa upinzani, serikali ilibana mbio za makundi, na kwa muda mtu akahitaji ruhusa ili akimbie na wenzake. Tunatoka nchi ya Vénuste Niyongabo, aliyechukua dhahabu ya mita 5,000 huko Atlanta mwaka 1996, ya kwanza na hadi leo ya pekee kwa Burundi katika Olimpiki. Mbio hapa si jambo la kupitisha wakati.

Sasa mtazame mkimbiaji huyo ndani ya paja. Msuli unapokaza na kulegea, peroksidi huongezeka, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo si uvujaji. Vipo vimeng'enya kwenye utando wa seli ambavyo kazi yao ni kuitengeneza makusudi. Seli yenye akili ya kuishi mamilioni ya miaka katika hewa kali inaitengeneza yenyewe ile "sumu", kwa kiwango kidogo mno, na kuiachia mahali inapopataka. Kwa nini?

Jibu liko kwenye salfa. Miongoni mwa asidi amino 20 zinazounda protini ipo moja iitwayo sisteini, inayobeba chembe ya salfa mwishoni. Salfa hiyo ni nyepesi kutoa elektroni. Sisteini mbili zikikaribiana na kunyang'anywa elektroni, salfa zao hushikana, na kifungo hicho kinaweza kubadili umbo la protini nzima, au kuziunganisha protini mbili zilizokuwa mbalimbali. Insulini yenyewe ni minyororo miwili iliyofungwa pamoja na salfa hizo. Lakini tofauti na kutu, kifungo hiki hufunguka. Ndani ya seli kuna glutathioni na wenzake, ambao hurudisha elektroni na kuiachia salfa iwe kama ilivyokuwa. Kufunga na kufungua, kwa dakika au kwa sekunde: hicho ni kitu kinachoweza kubeba ujumbe.

Chukua insulini hiyohiyo. Ikitua kwenye kipokezi chake juu ya seli ya msuli, ujumbe wa "ingiza sukari" huanza kusafiri ndani kwa kubandikwa vikundi vya fosfati kwenye protini moja baada ya nyingine. Kuna kimeng'enya kiitwacho PTP1B ambacho kazi yake ni kubandua fosfati hizo na kuukata ujumbe, na kinategemea salfa moja tu, katika sisteini ya nafasi ya 215. Sasa, insulini inapotua, seli pia huzalisha peroksidi kidogo pembeni ya kipokezi. Peroksidi inaigusa salfa ile, PTP1B inanyamaza kwa muda, na ujumbe wa insulini unapata nafasi ya kufika. Kisha salfa inarudishiwa elektroni zake na mkataji anaamka. Bila ile "sumu", sukari ingebaki zaidi kwenye damu.

Ndiyo maana jaribio lililofanywa Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2009 na Michael Ristow na wenzake halikunishangaza nilipolisoma, ingawa najua liliwashangaza wauza vidonge. Vijana wa kiume wapatao 40 walifanya mazoezi kwa wiki 4. Nusu yao walimeza kila siku miligramu 1,000 za vitamini C na uniti 400 za vitamini E. Miili ya wale ambao hawakumeza kitu iliongeza usikivu wake kwa insulini, kama mazoezi yanavyotakiwa kufanya. Kwa waliomeza vitamini, faida hiyo haikuonekana. Walikuwa wametoka jasho lilelile, ila ujumbe wa jasho ulikuwa umezimwa kabla ya kufika. Na hilo lilikuwa jambo dogo ukilinganisha na lile la Finland, ambako wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walifuatiliwa na matokeo yakatolewa mwaka 1994: waliopewa betakarotini, ile rangi inayoyapa mawese wekundu wake, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Mawese ya kwenye sufuria hayahusiki na kesi hiyo. Naongelea kidonge cha kila siku kwa miaka mingi. Hata hivyo nadhani mtu anayeuza "kuzima oksidisho" kama baraka isiyo na masharti anapaswa kuwa amesikia habari za wavutaji hao.

Kuna swali ambalo liliwasumbua wataalamu kwa muda, nami naliona ndilo kiini cha yote. Peroksidi ni kitu kidogo, hakina macho. Ndani ya seli kuna salfa zisizohesabika, na nyingi ni rahisi kuguswa. Inajuaje iende kwa PTP1B isiende kwingine? Haijui. Ni ujirani unaoamua. Kimeng'enya kinachotengeneza peroksidi kimesimama karibu na kipokezi cha insulini, na kwa hiyo anayeguswa ni aliye karibu. Tena kuna protini ziitwazo peroksiredoksini ambazo huidaka peroksidi haraka kuliko karibu kila kitu kingine. Zamani tulidhani kazi yao ni kuiteketeza basi. Mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba mojawapo ikishaidaka huikabidhi ile oksidisho kwa protini iliyoshikana nayo, STAT3, ambayo husimamia usomaji wa jeni. Kwa hiyo neno lilelile la kikemia lina maana tofauti kulingana na nani ameshikana na nani wakati linatamkwa. Hapa protini moja moja haitoshi kueleza kitu. Lazima ujue majirani zake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uligunduliwa Japani na kundi la Masayuki Yamamoto, mwaka 1999. Protini iitwayo KEAP1 ni kama zamu wa getini ambaye amepewa amri ya ajabu: kila anapofika mgeni mmoja maalumu, NRF2, amshike mikono yote miwili na kumkabidhi kwa wauaji. NRF2 ndiyo inayoweza kuwasha mamia ya jeni za ulinzi, zikiwemo za kutengeneza glutathioni. Seli huitengeneza mfululizo na kuiua mfululizo. Kila moja huishi dakika 20 hivi. Ni ufujaji, utasema. Lakini zamu huyu ana sisteini nyingi kuliko kawaida, na ndizo pua yake. Vitu vikali vikizidi ndani ya seli, sisteini hizo huguswa, mshiko wake unaharibika, mgeni mmoja hubaki mikononi na kuziba nafasi, na NRF2 wanaoendelea kutengenezwa hupita kuelekea kwenye kiini. Ulinzi unawaka ndani ya dakika chache, bila kusubiri kitu kianze kujengwa upya. Na mwito wa kuuwasha umetolewa na hatari yenyewe. Ukiinyamazisha hatari kwa vidonge kabla haijafika getini, zamu hana habari.

KEAP1 hushika NRF2 kwa sehemu yake yenye umbo la feni ya mapanga 6. Umbo hilo huitwa Kelch, na linapatikana katika protini nyingi za viumbe vingi. Limo pia ndani ya kimelea cha malaria, na hapo habari inarudi nyumbani kwetu.

Uwanda wa Imbo una joto na maji, na malaria iko hapa mwaka mzima. Nyanda za juu zilizoea kuwa salama zaidi, mpaka mlipuko wa 2000 na 2001 ulipopanda hadi Kayanza, Ngozi na Karuzi, huku klorokwini ikishindwa kufanya kazi. Mwaka 2003 Burundi ikahamia kwenye dawa mseto ya artesunati na amodiakwini. Machi 2017 serikali ilitangaza mlipuko tena. Tangu 2003, tulichoegemea ni artemisinini, mzazi wa artesunati hiyo, dawa iliyotolewa na Tu Youyou wa China kwenye mmea wa kienyeji mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ikampatia Nobeli mwaka 2015.

Artemisinini ni peroksidi. Ndani ya molekuli yake kuna daraja la oksijeni mbili zilizoshikana, na daraja hilo hukaa kimya mpaka likutane na chuma. Kimelea cha malaria kikiwa ndani ya seli nyekundu hula himoglobini, na kila kinapoimeng'enya kinaachia hemu, yenye chuma. Chuma hicho hulivunja daraja, na vipande vyake vikali hujibandika kwenye protini za kimelea zaidi ya 100, bila kuchagua. Hapo hakuna ujumbe. Ni kuungua tu, na kimejiwashia chenyewe kwa ulafi wake. Kila mama wa Buyenzi au Kinama aliyeona homa ya mtoto ikishuka siku ya pili ya vidonge ameona matokeo ya kemia hiyo.

Mwaka 2014, watafiti waliofanya kazi na vimelea vya Kambodia walitambua kwamba ukinzani dhidi ya dawa hii unafuatana na mabadiliko kwenye protini moja: Kelch13. Feni ileile ya mapanga 6. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba inafanya kazi ya zamu wa kwetu, yaani kimelea nacho kimewasha ulinzi wake. Mwaka 2020 kundi la Hamburg lilionyesha jambo lisilotarajiwa. Kelch13 hukaa kwenye mdomo ambao kimelea humezea himoglobini. Ikibadilika huwa haba, mdomo humeza kidogo, hemu huachiwa kidogo, na daraja la dawa halipati chuma cha kutosha kulivunja. Kimelea kinafunga. Artemisinini haikai kwenye damu zaidi ya saa chache kila dozi. Anayeweza kujinyima kwa saa hizo akiwa bado mchanga ana nafasi ya kuamka baadaye.

Mwaka huohuo wa 2020 wanasayansi wa Rwanda na wenzao walitangaza kuwa wameyaona mabadiliko ya Kelch13 yaitwayo R561H katika damu iliyochukuliwa tangu 2014: asidi amino moja, nafasi ya 561. Mabadiliko hayo yalikuwa yameshaonekana Asia ya Kusini-Mashariki, lakini ya Rwanda hayakusafirishwa kutoka huko, yalizaliwa hapohapo. Mwaka 2021 ikafuata taarifa ya kaskazini mwa Uganda, nafasi za 469 na 675. Mto Akanyaru, mpaka wetu na Rwanda, si mpana, na mbu hana pasipoti.

Njia mojawapo ya kuchelewesha usambaaji ni kumpa mgonjwa, juu ya dawa mseto, dozi moja ndogo ya primakwini, inayoua vimelea vilivyo tayari kubebwa na mbu. Tangu 2012 Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito. Dozi ilifanywa ndogo hivyo kwa sababu primakwini nayo huoksidisha, na safari hii anayeweza kuungua ni mgonjwa.

Seli nyekundu ya damu haina kiini wala mitokondria. Haina NRF2 ya kuwashia jeni, kwa kuwa jeni zenyewe haina. Kwa siku zake 120 inaishi na protini ilizotoka nazo kwenye uboho, huku ikiwa imesheheni chuma na oksijeni. Elektroni za kuirejesha glutathioni yake inazipata kwa njia moja tu, kupitia kimeng'enya cha G6PD. Mwaka 1956 timu ya Alf Alving ilionyesha kwamba upungufu wa kimeng'enya hicho ndio uliofanya primakwini ipasue damu ya baadhi ya watu. Ilifanya kazi hiyo kwa wafungwa wa gereza la Stateville, Illinois, jambo ambalo leo kamati yoyote ya maadili ingelikataa mlangoni. Mwaka 1960 Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alichapisha uchunguzi wake wa upungufu huo katika damu za watu wa Afrika Mashariki. Ni Allison huyohuyo aliyekuwa amekwisha kuonyesha, mwaka 1954, kwamba aliyerithi jeni moja ya selimundu anakingwa na malaria. Malaria imetuchagulia damu kwa karne nyingi: kimelea hakistawi vizuri kwenye seli inayokaribia kuungua.

Aina ya upungufu iliyoenea kwetu ni ya ajabu kidogo. G6PD hufanya kazi ikiwa imeshikana wawili wawili au wanne wanne, na aina yetu ina asidi amino mbili tofauti zinazolegeza umbo lake. Seli changa inatoka na kimeng'enya karibu cha kutosha, kisha kinaoza kadiri seli inavyozeeka. Kwa hiyo dawa ikipita, zinazopasuka ni zile kuukuu, na changa hubaki. Mkojo unaweza kuwa mweusi kwa siku chache na kisha kutulia hata kabla dawa haijaisha.

Jeni ya G6PD iko kwenye kromosomu ya X. Mvulana ana upungufu au hana. Kwa msichana aliyerithi nakala moja nzima na moja pungufu, kila seli ya mwili wake ilizima nakala moja tangu akiwa tumboni, bila mpangilio, kama Ernest Beutler alivyothibitisha kwa kimeng'enya hikihiki mwaka 1962. Damu yake ina makundi mawili yanayozunguka pamoja: seli zenye kinga kamili na seli ambazo dozi ndefu ya primakwini ingezipasua. Kipimo cha haraka kinachotumika vituoni hupima wastani wa tone zima, na kwa wanawake wengi wa namna hii majibu yanayoandikwa kwenye karatasi ni "kawaida".